Maswali ya Wasomaji: Sukari ya 7.1 Ina Upana Gani?

Barua tano tulizochagua safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini zote zinarudi kwenye jambo moja: namba inayotolewa na maabara ya hospitali inaweza kuaminiwa kwa kiasi gani, na maabara yenyewe inakijuaje kiasi hicho. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu majibu yanayofuata yanategemea hesabu iliyomo humo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkuu wa kitengo cha kemia ya damu katika maabara ya hospitali ya mkoa. Tunajiandaa kwa ukaguzi wa ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, na katika ukaguzi wetu wa ndani tumeandikiwa dosari kwamba hatujakadiria shaka la upimaji kwa kipimo hata kimoja. Nimejaribu kusoma, nikakutana na hesabu ndefu zinazotaka nijue shaka la kila pipeti, la joto la chumba, la uzito wa kitendanishi na la taa ya mashine. Mashine yetu imekuja imefungwa kutoka kiwandani na hatuna njia ya kupima vitu hivyo kimoja kimoja. Tuanzie wapi? (Mteknolojia wa maabara, Tanzania)

JIBU: Ndugu mteknolojia, niruhusu nianze na neno lenyewe, kwa kuwa limewatia watu wengi hofu isiyo na sababu. Mtu akisikia maabara inazungumzia shaka la kipimo chake hudhani kwamba inakiri kosa. Kosa ni tofauti kati ya namba tuliyoipata na thamani ya kweli, na kwa mgonjwa aliye mbele yetu tofauti hiyo hatuijui, maana thamani ya kweli hatuijui. Shaka ni upana: linaeleza jinsi thamani zinazoweza kwa haki kuhesabiwa kuwa za sampuli ile zinavyotawanyika kuzunguka namba tuliyoiandika kwenye fomu.

Watu wa pwani waliokuwa wakipima nafaka kwa kibaba na pishi waliielewa hali hii bila hesabu ya darasani. Kibaba cha mfuto husawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele huachwa na kichuguu juu. Muuzaji anayepima mfuto siku nzima hatatoa vibaba viwili vyenye punje sawasawa, kwa kuwa mkono wake hautui vilevile kila mara na nafaka nazo hujipanga kwa namna yake. Huo ni mtawanyiko wa nasibu. Muuzaji anayeamini kwamba anapima mfuto, kumbe kila mara anaacha kichuguu kidogo, ana mwegemeo, na hata akirudia mara mia moja na kutafuta wastani, mwegemeo ule utabaki palepale. Tena kibaba chenyewe kilikatwa kwa kufuata kibaba kingine, na hicho nacho kilifuata kingine, hadi kufikia kipimo kinachokubaliwa na soko zima. Katika kila hatua ya kunakili kulikuwa na upungufu au ziada ndogo. Mambo haya matatu, yaani mtawanyiko wa kila siku, mwegemeo, na shaka linalorithiwa kutoka kwa kipimo mama, ndiyo yote utakayohitaji kuyashughulikia katika maabara yako.

Hesabu ulizozisoma zinatokana na mwongozo uliotolewa mwaka 1993 kwa jina la mashirika saba ya kimataifa, likiwamo shirikisho la kimataifa la kemia ya kitabibu, IFCC. Mwongozo huo unaeleza njia ya kutoka chini kwenda juu: orodhesha kila chanzo cha shaka, kikadirie peke yake, kisha uviunganishe vyote. Ni njia sahihi, na maabara zinazotengeneza vipimo rejea zinaihitaji. Hata hivyo, kuitaka maabara ya mkoa iifuate kwa mashine iliyofungwa ni kuitaka ibuni namba, na namba ya kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na namba kabisa. Ndiyo maana mwaka 2019 ISO ilitoa waraka wa kiufundi ISO/TS 20914, ulioandikwa mahsusi kwa maabara za tiba, unaofuata njia ya kutoka juu kwenda chini. Hapa mashine inaachwa ifanye kazi kama inavyofanya kila siku, nawe unatazama matokeo uliyokwisha kuyakusanya ya sampuli za kontroli, yaani zile zenye thamani inayojulikana zinazopimwa ili kuikagua mashine. Mtawanyiko wa kontroli hizo kwa miezi mingi tayari umebeba pipeti, joto, taa, kalibresheni iliyorudiwa (yaani mashine kupangwa upya kwa thamani inayojulikana), loti mpya ya kitendanishi (yaani mkupuo mpya kutoka kiwandani), matengenezo, mtumishi wa zamu ya asubuhi na mtumishi wa zamu ya usiku. Huna haja ya kuvitenganisha.

Tuchukue glukosi ya plazima, yaani sukari katika sehemu ya maji ya damu, kwa sababu ina kizingiti cha kisukari ambacho kila daktari anakijua: milimoli 7.0 kwa lita kwa mtu aliyefunga kula usiku kucha. Tafuta kontroli ambayo thamani yake iko karibu na kizingiti hicho, kwa kuwa shaka kwenye 4 si lazima lifanane na shaka kwenye 20, na panapokuhusu zaidi ni pale uamuzi unapofanyika. Kusanya matokeo yake ya miezi sita au zaidi, kisha kokotoa mkengeuko sanifu, ule tunaouita esidii kazini, unaoonyesha matokeo yanatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani wake. Tuseme umepata 0.15. Kisha muulize mtengenezaji wa mashine, kwa barua ikibidi, shaka la thamani aliyoipa kalibreta yake, yaani kimiminika chenye thamani inayojulikana ambacho mashine hupangwa kwacho. Ni haki yako kulipata, kwa sababu yeye ndiye aliyeunganisha kalibreta ile na vipimo rejea kama vile seramu ya binadamu iliyogandishwa ya taasisi ya NIST ya Marekani. Tuseme amekujibu kwamba, likigeuzwa kwa uwiano hadi kiwango cha 7, shaka pana, yaani lililokwisha kuzidishwa ili libebe karibu uwezekano wote, ni 0.12, na kizidishi alichotumia ni 2. Lirudishe kwenye shaka sanifu kwa kuligawa kwa 2, upate 0.06.

Sasa usijumlishe 0.15 na 0.06. Vyanzo viwili visivyotegemeana havisukumi upande mmoja kila wakati, kwa hiyo vinajumlishwa kwa vipeo vyao vya pili, yaani kila namba ikizidishwa kwa yenyewe: 0.0225 na 0.0036 ni 0.0261, na kipeuo chake cha pili ni karibu 0.16. Hilo ndilo shaka jumuishi. Lizidishe kwa 2 ili kupata upana unaobeba takribani asilimia 95 ya uwezekano, nawe utapata 0.32, ambalo kwa fomu ya mgonjwa linatosha kuandikwa 0.3. Matokeo ya 7.1, basi, katika maabara hiyo ya mfano yana maana ya kitu kilichoko kati ya 6.8 na 7.4.

Tazama vilevile hesabu hiyo inakuambia nini kuhusu kazi yako. Kalibreta imechangia 0.0036 katika 0.0261, chini ya sehemu moja kwa saba. Nguvu na fedha za kitengo zikielekezwa kwenye kupunguza mtawanyiko wa kila siku, kwa mfano kuhakikisha kontroli zilizogandishwa zinayeyushwa kwa muda ule ule na kuchanganywa polepole na kila mtumishi, shaka litapungua kweli. Zikielekezwa kwenye kutafuta kalibreta ya bei kubwa zaidi, halitapungua kwa kiasi cha kuonekana. Kwangu mimi hii ndiyo faida kuu ya kukadiria shaka, na inanisikitisha kwamba mara nyingi jedwali la shaka linaandaliwa wiki moja kabla ya ukaguzi, linapigwa mhuri, na halifunguliwi tena. Nimewahi kufungua jalada la maabara moja nikakuta namba zile zile, hadi desimali ya tatu, zilizokuwa katika jalada la maabara nyingine yenye mashine ya aina tofauti.

Kuna mitego ambayo afadhali uijue mapema. Wa kwanza ni wa kutumia matokeo ya siku moja, mtu akipima kontroli mara ishirini asubuhi ile ile na kuchukua esidii yake. Esidii hiyo itapendeza kwa udogo, lakini haijaona loti nyingine, haijaona kalibresheni nyingine, haijaona mwezi wa joto kali. Wa pili ni wa kufuta matokeo ya kontroli yaliyotoka nje ya esidii mbili bila sababu inayojulikana. Kontroli iliyokataliwa kwa hitilafu iliyothibitishwa iondolewe, kwa kuwa siku ile hukutoa majibu ya wagonjwa katika hali hiyo. Iliyopita na kukubaliwa ibaki, hata kama haikupendezi.

Wa tatu unahusu loti ya kontroli inapobadilika. Loti mpya ina thamani yake mpya, kwa hiyo ukichanganya matokeo ya loti mbili katika safu moja, tofauti ya loti itaonekana kana kwamba ni mtawanyiko wa mashine. Kokotoa esidii ya kila loti peke yake, kisha tafuta wastani wa vipeo vya pili vya esidii hizo, ukizingatia idadi ya matokeo ya kila loti, ndipo uchukue kipeuo. Loti ya kitendanishi ni kinyume chake: mabadiliko yake ni sehemu halali ya shaka, kwa sababu mgonjwa anaweza kupimwa leo kwa loti hii na mwezi ujao kwa loti ile. Isipokuwa uangalie kwamba loti mpya ya kitendanishi wakati mwingine husogeza kontroli bila kusogeza damu za wagonjwa, kwa kuwa kontroli imetiwa vihifadhi na si seramu halisi kabisa. Linganisha sampuli chache za wagonjwa kwa loti zote mbili kabla ya kuamua.

Wa nne ni wa maabara zenye mashine mbili. Mgonjwa hachagui mashine, na daktari hajui damu ilipita wapi. Tuseme kila mashine ina esidii ya 0.12, lakini wastani wa kontroli katika ya kwanza ni 7.0 na katika ya pili ni 7.2. Kipeo cha pili cha esidii ni 0.0144, na kipeo cha pili cha esidii ya wastani hizo mbili zenyewe ni 0.02, jumla yake ni 0.0344, na kipeuo chake ni karibu 0.19. Mashine mbili zilizo nzuri kila moja kwa nafsi yake zimeongeza shaka la maabara kwa zaidi ya nusu kwa kutosomana tu. Dawa yake ni kuzilinganisha na kuzioanisha kabla ya kufanya hesabu nyingine yoyote.

Kuhusu mwegemeo, nitakuwa mkali kidogo. Matokeo ya paneli za tathmini ya nje, yaani sampuli mnazoletewa na chombo cha nje ili kuwapima ninyi wenyewe, yakionyesha mara kwa mara kwamba glukosi yenu iko juu kwa 0.3 kuliko thamani rejea, usiutie mwegemeo huo ndani ya shaka ili upana uufunike. Tafuta chanzo chake, urekebishe, na kama umesahihisha kwa namba, shaka la sahihisho hilo ndilo liingie katika hesabu kama kijenzi cha tatu. Shaka si zulia la kufunikia vumbi tunaloliona.

Mwisho, uamue kabla ya kuhesabu ni shaka la ukubwa gani utalikubali. Mkutano wa wataalamu wa Ulaya uliofanyika Milan mwaka 2014 ulikubaliana juu ya misingi mitatu ya kuweka lengo hilo: athari kwa matokeo ya tiba, mabadiliko ya asili ndani ya mwili, au kile ambacho teknolojia ya sasa inaweza kufikia. Kwa glukosi ni rahisi kutumia msingi wa pili. Sukari ya mtu mzima mwenye afya hubadilika yenyewe siku hadi siku kwa karibu asilimia 5, na lengo linalopendekezwa ni nusu ya hiyo, yaani asilimia 2.5. Shaka jumuishi la 0.16 kwenye 7 ni asilimia 2.3, kwa hiyo maabara ya mfano wetu imefaulu, ingawa kwa nafasi ndogo. Ongezeko kidogo tu la mtawanyiko litaitoa nje ya lengo, na hilo ni jambo la kulifuatilia angalau kila mwaka na kila mnapobadilisha mashine au njia ya kupima.

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu mzazi alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula katika maabara moja, akaambiwa ni 7.2 na kwamba ana kisukari. Baada ya siku mbili tukampeleka maabara nyingine, ikatoka 6.8, tukaambiwa bado hajafikia. Mashine ndogo ya nyumbani kwa jirani ilionyesha 7.9. Mama amekata tamaa na anasema wote ni waongo. Nani mkweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, mpe mama pole, na umwambie kwamba inawezekana kabisa wote watatu wamesema kweli. Maabara mbili zenye shaka pana la 0.3 kila moja zikipima damu ile ile, tofauti kati ya majibu yao inaweza kufika karibu 0.4 bila yeyote kukosea, kwa kuwa mashaka yao mawili huungana kwa njia niliyoionyesha juu. Tofauti ya mama ni hiyo hiyo 0.4. Zaidi ya hapo, damu zenyewe hazikuwa moja: siku mbili zilipita, na mwili wa mama haukai mahali pamoja.

Ile mashine ya nyumbani ina upana mkubwa zaidi, na kiwango chake cha kimataifa, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaukubali upana huo waziwazi. Kwa sukari ya kuanzia 5.55, asilimia 95 ya majibu yake yanatakiwa yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa mtu mwenye 7.0 hiyo ni 1.05 juu au chini, kwa hiyo 7.9 imo ndani ya mipaka. Mashine hizo ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye tayari ana kisukari na anafuatilia dawa zake, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya kuamua nani ana ugonjwa na nani hana.

Kuna jambo moja ambalo hesabu ya shaka hailioni, nalo ni yale yanayotokea kabla damu haijafika kwenye mashine. Seli za damu zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, na katika joto la chumba glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa ikiwa plazima haijatenganishwa. Sampuli yenye 7.2 ikisubiri saa mbili mezani inaweza kusomeka chini ya 6.6. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzuia ulaji huo, ila floridi huchelewa kushika, na katika saa ya kwanza au ya pili sukari huendelea kushuka. Uliza, kwa adabu, damu ya mama ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ili plazima itenganishwe. Maabara nzuri haitaudhika na swali hilo.

Na kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa mtu asiye na dalili, utaratibu wa tiba hautaki daktari atangaze kisukari kwa jibu moja lililo karibu na kizingiti. Kipimo hurudiwa siku nyingine, au hutumika kipimo cha pili kama kile cha sukari ya miezi mitatu. Mama arudi kwa daktari akiwa na majibu yote mawili ya maabara, si moja lililompendeza.

SWALI: Nimeombwa na maabara yetu nitoe maoni kama kila jibu liandikwe pamoja na alama ya kujumlisha na kutoa. Naona litajaza karatasi bure. Ila pia nina mgonjwa ambaye kreatinini yake ilipanda kutoka 98 hadi 110 ndani ya miezi mitatu, na sijui kama figo zake zinaharibika au ni mashine tu. (Daktari wa magonjwa ya ndani, Nairobi)

JIBU: Daktari, katika swali la kwanza nakuunga mkono kwa sehemu. Toleo la mwaka 2022 la ISO 15189 halilazimishi shaka lichapishwe kwenye kila fomu. Linataka taarifa zake zipatikane kwa mtumiaji anayeziomba. Mimi ningependa maabara yenu iweke jedwali moja katika kitabu cha huduma zake, na iandike maoni mafupi kwenye fomu pale tu jibu linapoangukia karibu na kizingiti cha uamuzi. Sodiamu ya 140 haihitaji maelezo. Glukosi ya 7.1 inahitaji.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Kiwango hicho hicho kinasema kwamba maabara inapojibu swali la daktari kuhusu shaka, jibu lazima lizingatie vyanzo vingine pia, likitaja hasa mabadiliko ya asili ya mwili. Kwa kreatinini, taka ya damu inayoondolewa na figo, mabadiliko hayo ndani ya mtu mmoja ni karibu asilimia 5. Tuchukulie kwamba mtawanyiko wa mashine ya maabara yenu ni asilimia 3. Kipeo cha pili cha 5 ni 25, cha 3 ni 9, jumla 34, kipeuo chake 5.8. Kwa kuwa unalinganisha majibu mawili na kila moja lina mtawanyiko wake, zidisha kwa kipeuo cha 2, kisha kwa 1.96, ambavyo kwa pamoja ni 2.77. Utapata asilimia 16. Mgonjwa wako amepanda kwa asilimia 12. Hata ukiuliza kwa upande wa kupanda tu, ambapo kizidishi kinashuka hadi 2.33, unahitaji asilimia 13.6. Kwa majibu haya mawili peke yake huwezi kusema kwamba figo zimebadilika.

Sisemi kwamba hazijabadilika. Jibu la tatu likija 121, njia itakuwa imeanza kuonekana, na wewe unayemjua mgonjwa, shinikizo lake la damu na protini katika mkojo wake, unaweza kuamua kabla ya hapo. Maabara hainyang'anyi uamuzi wako. Inachoweza kukupa ni mstari ambao chini yake tofauti isihesabiwe kuwa habari, na kila kipimo kina mstari wake. Kwa wingi wa virusi vya UKIMWI, kwa mfano, badiliko lisilofikia mara tatu, yaani 0.5 kwa kipimo cha logi, kwa kawaida halichukuliwi kuwa badiliko la kweli. Mgonjwa aliyetoka nakala 500 hadi 1,100 asiambiwe kwa sababu hiyo pekee kwamba virusi vyake vimeongezeka, ingawa ufuatiliaji wa dawa zake unabaki kuwa wa lazima.

SWALI: Sisi ni maabara ndogo ya kituo cha afya. Kazi yetu kubwa ni vipimo vya haraka na kuhesabu vimelea vya malaria kwa hadubini. Je, mambo ya shaka yanatuhusu, au ni ya wenye mashine kubwa? (Mtaalamu wa maabara, Pemba)

JIBU: Yanawahusu, na kwa hadubini yanawahusu kuliko mnavyodhani. Kipimo cha haraka kinachosomwa kwa mstari tu, chanya au hasi, hakina shaka la namba, na hakuna mtu atakayewadai hesabu yake. Linalodaiwa ni mdhibiti hatua zenye namba, kama vile kiasi cha damu, matone ya bafa, na dakika za kusubiri kabla ya kusoma. Lakini kuhesabu vimelea ni upimaji kamili. Mnapohesabu vimelea katika tone nene dhidi ya seli nyeupe 200 na kuzidisha kwa seli 8,000 kwa kila mikrolita, mkikuta vimelea 16 mnaandika 640. Idadi inayopatikana kwa kuhesabu vitu vilivyotawanyika hovyo ina mtawanyiko unaolingana na kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Kipeuo cha 16 ni 4, na mara mbili yake ni 8, kwa hiyo upana wenu ni nusu ya jibu: 640 hiyo ni kitu kilichoko kati ya 320 na 960, na hapo bado hatujataja macho ya msomaji wala ubora wa rangi.

Hii ndiyo sababu ya agizo ambalo wengi huliona la kuchosha, kwamba vimelea vikiwa chini ya 100 baada ya seli 200, hesabu iendelee hadi seli 500. Katika mfano wetu mngetarajia vimelea 40, ambavyo kipeuo chake ni 6.3, na upana unashuka kutoka asilimia 50 hadi karibu 32. Ni dakika chache za ziada kwa faida kubwa. Kumbukeni pia kwamba seli nyeupe 8,000 ni makadirio. Mgonjwa mwenye seli 4,000 ataandikiwa vimelea mara mbili ya alivyo navyo, na hakuna wingi wa kuhesabu utakaorekebisha hilo. Mahali penye mashine ya kuhesabu damu, tumieni idadi yake halisi.

SWALI: Kliniki yetu ina wagonjwa wa kisukari ambao baadhi yao wana selimundu au wamerithi nusu yake. Maabara imetueleza kwamba shaka la kipimo cha sukari ya miezi mitatu ni dogo sana. Je, tuwe na amani? (Muuguzi, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Dada muuguzi, kwa wagonjwa hao msiwe na amani bado. Namba ya shaka mliyopewa imetokana na kontroli, na kontroli hiyo kwa kawaida ina himoglobini ya kawaida. Haijui lolote kuhusu himoglobini ya selimundu. Kwa aliyerithi nusu, tatizo hutegemea njia inayotumiwa: baadhi ya mashine husoma vizuri, nyingine hupotoka, na mtengenezaji anatakiwa aeleze katika maandishi yake. Waombeni maabara waitafute taarifa hiyo kwa jina la mashine na njia yenyewe. Kwa mwenye selimundu kamili, hakuna mashine itakayosaidia, kwa kuwa seli zake nyekundu huishi muda mfupi kuliko kawaida na hazipati muda wa kukusanya sukari; jibu litatoka chini hata kama kipimo chenyewe kimefanywa kwa usahihi. Mgonjwa huyo afuatiliwe kwa glukosi ya plazima na kwa majibu ya mashine yake ya nyumbani, na kwenye jalada lake iandikwe kwa herufi za kuonekana kwamba kipimo cha miezi mitatu kisitumike kwake.